Bunduki ya Komeo na Ganda Lake: Namna Ejekta Inavyolitupa na Alama Inazoliachia

Katika nchi ya Maniema, watu wa vijiji vilivyo nyuma ya machimbo, toka Kalima hata Punia, na toka Kailo hata mjini Kindu, huokota maganda matupu ya risasi njiani, mtoni na mashambani. Mengine yametupwa na askari, mengine na wawindaji, na mengine ni masalio ya vita vya miaka ya 1996 hata 2003. Watoto huyapuliza kama filimbi, na watu wazima huyaona kuwa ni takataka tu.

Sivyo. Ganda tupu lina habari ndani yake. Humwambia mwenye bunduki kama silaha yake ni nzima au mbovu, na humwambia mpelelezi mambo mengi juu ya bunduki iliyolitupa. Kwa mtu anayelinda mpunga wake na nguruwe wa mwituni, habari hiyo yaweza kumwokoa mkono, jicho, au uhai wake.

Neno letu hapa ni juu ya bunduki ya komeo, ile ambayo mtu huifungua na kuifunga kwa mkono kila apigapo risasi moja. Lakini kwanza kumbuka sheria. Katika Kongo uwindaji una sheria yake ya tarehe 28 Mei 1982, na silaha zina sheria yake ya mwaka 1985. Mtu asiye na kibali asishike bunduki. Hata mwenye kibali hana ruhusa ya kumpiga mnyama anayelindwa, kama vile tembo au okapi.

1. Kartushi ni kitu gani?

Kartushi moja ina sehemu nne. Ya kwanza ni ganda, nalo aghalabu ni la shaba ya manjano. Ya pili ni fataki, kile kidude cha mviringo kilicho katikati ya kitako cha ganda. Ya tatu ni baruti iliyo ndani. Ya nne ni risasi yenyewe, iliyoshikwa na mdomo wa ganda.

Ukivuta kifyatulio, pini hupiga fataki, fataki huwasha baruti, na baruti hugeuka kuwa moshi wenye nguvu nyingi mno. Katika bunduki za kijeshi za namna ya Mauser nguvu ile hupita mara 3,000 ya uzito wa hewa tunayoivuta. Moshi huo husukuma risasi mbele. Wakati huo huo hutanua ganda, likabanana na kuta za chumba cha risasi kama kizibo katika mdomo wa chupa. Ni kazi njema, maana ganda lisipobanana, moto ungerudi nyuma usoni mwa mpigaji. Nguvu ikiisha, shaba hunywea kidogo, na ganda hulegea.

Basi ganda tupu limebaki chumbani, nalo lazima litoke kabla ya kartushi nyingine kuingia. Hapo ndipo huanza kazi ya komeo.

2. Kulabu huvuta, ejekta hutupa

Vyuma viwili hufanya kazi hii, na watu wengi huvichanganya.

Cha kwanza ni kulabu. Imo katika komeo, upande wa kuume, na ncha yake hushika ukingo wa kitako cha ganda. Komeo likirudi nyuma, kulabu huvuta ganda litoke chumbani. Mafundi huiita ekstrakta.

Cha pili ni ejekta. Kulabu haiwezi kutupa ganda nje. Yaweza kulivuta tu. Ejekta ndiyo hulitupa. Katika Mauser ni kipande chembamba cha chuma kilichowekwa upande wa kushoto wa nyumba ya komeo, karibu na mwisho wa njia yake. Chenyewe hakirudi nyuma pamoja na komeo. Kimesimama mahali pake kinangoja.

Fikiri mambo yanavyofuatana. Mpigaji huinua mkono wa komeo juu. Katika kule kuzunguka, komeo hurudi nyuma kidogo kwa nguvu nyingi, likalegeza ganda. Kisha huvuta nyuma. Kulabu imeshika ganda kwa kuume. Komeo likikaribia mwisho, kitako cha ganda hugonga ejekta kwa kushoto. Ganda limeshikwa upande mmoja, limezuiwa upande wa pili. Halina njia ila kugeuka kama mlango juu ya bawaba, likaruka nje kwa upande wa kuume.

Sasa utafahamu jambo kubwa: ejekta iliyosimama haina nguvu yake yenyewe. Nguvu yote ni ya mkono wako. Ukivuta kwa haraka, ganda huruka mbali. Ukivuta polepole, huanguka karibu na mguu wako. Na kama hukufika mwisho, ganda halikuguswa na ejekta kabisa, wala halitoki.

3. Bunduki za zamani zinatufundisha nini?

Mauser ya mwaka 1871 ilikuwa na kulabu, lakini haikuwa na ejekta. Mpigaji alivuta komeo, ganda likatoka chumbani likalala wazi juu ya bunduki, na ilimpasa kuipindua silaha ili lianguke. Mwaka 1884 Wajeremani walipoitia bunduki ile magazini ya kartushi nyingi, waliitia na ejekta. Sababu yake ni wazi: kartushi mpya haiwezi kwenda mbele ikiwa ganda la zamani bado limelala njiani.

Hata hivyo, vita vilipoanza mwaka 1914, askari wengi wa Wajeremani katika Afrika ya Mashariki walikuwa bado na zile Mauser za 1871. Mwezi wa Novemba 1914 huko Tanga, moshi mzito wa baruti nyeusi ulionyesha mahali walipojificha. Na kwa kila risasi moja ilikuwa lazima kufungua, kupindua, na kutia nyingine kwa vidole.

Upande wetu, askari wa Bula Matari walikuwa na Albini za risasi moja moja, na Mauser za namna ya 1889. Kiwanda cha FN huko Herstal, Ubelgiji, kilianzishwa mwaka ule ule wa 1889 ili kuzitengeneza. Kwa silaha hizo, na kwa migongo ya wapagazi wengi wa Kongo, waliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Mauser ya 1889 ilikuwa na ejekta. Lakini ilikuwa na kasoro moja: kulabu yake ilikuwa ndogo, nayo haikushika kartushi mpaka komeo lifungwe kabisa. Askari mwenye hofu akisukuma kartushi chumbani bila kufunga, kisha akivuta tena, kartushi ilibaki ndani. Akisukuma ya pili, iligonga kitako cha ile ya kwanza, na bunduki ikakwama.

Mauser akaona kasoro hiyo, na katika bunduki zake za miaka iliyofuata akaweka kulabu ndefu na nene, isiyozunguka pamoja na komeo. Hiyo ndiyo iliyomo katika Mauser ya 1898. Hushika kartushi mara itokapo magazini, na haiiachi mpaka ejekta iitupe. Hata ukighairi katikati ya safari na kuvuta nyuma, kartushi itatoka. Ndiyo sababu wawindaji wengi wa nyati na tembo katika Afrika waliipenda namna hii, na bunduki nyingi za uwindaji zilizokuja baadaye zilifuata mfano wake.

4. Hatari ya mkono mlegevu

Tuseme mlinzi wa shamba, mwenye kibali, amempiga nguruwe dume pembezoni mwa mpunga. Nguruwe amejeruhiwa, akageuka kuja. Mlinzi avuta komeo kwa vidole viwili, kwa woga, asifike mwisho. Ganda limetoka nusu, lakini halikugonga ejekta. Asukuma mbele: ganda lile lile tupu larudi chumbani. Avuta kifyatulio, asikia "ta" tu. Hakuna mlio, na nguruwe yupo miguuni.

Bunduki ile haikuwa na ubaya. Mkono ndio haukumaliza kazi yake. Au pengine ganda hugeuka nusu, likakwama mshazari kati ya chumba na kartushi mpya, na hapo mtu hana nafasi ya kulitoa kwa vidole.

Basi jifunze hivi, bunduki ikiwa tupu kabisa. Shika mkono wa komeo kwa kiganja kizima. Inua, vuta mpaka chuma kigonge chuma, sukuma, shusha. Hesabu moja, mbili, tatu, nne. Usiondoe kitako cha bunduki begani. Rudia mpaka mkono ujue wenyewe.

Wengine huogopa kuvuta kwa nguvu kwa kuwa maganda yao hutoka yamebonyea. Ni kweli, ganda likitupwa kwa nguvu huweza kugonga ukingo wa tundu la kutokea, likapata kibonyeo mdomoni au ubavuni. Kibonyeo hicho hakikudhuru wewe wala bunduki. Ganda limekwisha kazi yake.

5. Ejekta ya springi

Kuna namna nyingine ya ejekta, iliyoenea toka kampuni ya Remington ya Marekani ilipotoa bunduki zake mpya mwaka 1948. Hapa ejekta haisimami pembeni. Ni pini ndogo iliyo katika uso wa komeo lenyewe, na nyuma yake kuna springi. Pini hiyo husukuma kitako cha ganda wakati wote. Mara mdomo wa ganda utokapo chumbani, ganda huruka, hata kama umevuta polepole.

Namna hii ina faida, maana haitegemei sana mkono. Lakini ina mambo mawili ya kuangaliwa. La kwanza, pini hukaa katika tundu jembamba. Mchanga, kutu au mafuta yaliyoganda yakiingia, pini hukwama, na ganda hubaki limeng'ang'ania uso wa komeo. La pili, kwa kuwa ganda husukumwa upande mmoja wakati likivutwa, mdomo wake hujikwaruza katika ukuta. Kwa hiyo vikwaruzo na vibonyeo vidogo mdomoni ni jambo la kawaida.

6. Namna ya kulisoma ganda

Baada ya kupiga, okota ganda lako ulitazame penye mwanga.

Mkwaruzo mdogo ukingoni, upande mmoja, ni alama ya kulabu. Kovu dogo kitakoni upande wa pili ni alama ya ejekta iliyosimama. Hizo ni afya. Usiwe na shaka.

Duara dogo linalong'aa kitakoni, katika bunduki ya ejekta ya springi, si alama ya afya. Maana yake nguvu ya moshi ilikuwa kubwa kupita kiasi, hata shaba ikaingia katika tundu la pini. Ukiona hivyo, na fataki imelala bapa au imetoboka, acha kupiga kartushi za namna hiyo.

Ukingo uliopasuka au kung'oka maana yake ganda lilikwama na kulabu ikalirarua. Sababu yaweza kuwa kutu katika chumba, kartushi chafu, au kartushi zilizoachwa juani zikapata moto. Kosa si la kulabu, tazama chumba.

Mstari unaong'aa kuzunguka ganda, juu kidogo ya kitako, maana yake shaba ilivutika ikawa nyembamba hapo. Ganda jingine laweza kukatika vipande viwili. Mpelekee fundi bunduki hiyo kabla ya kupiga tena.

Ufa shingoni mara nyingi ni dalili ya shaba kuzeeka au kutunzwa vibaya. Waingereza waliona jambo hili zamani huko India: kartushi zilizowekwa karibu na mazizi ya farasi zilipasuka wakati wa mvua. Mvuke mkali utokao katika mkojo wa wanyama, ukichanganyika na unyevu, hula shaba iliyokazwa. Katika Maniema mvua ni nyingi. Usiweke kartushi karibu na zizi la mbuzi, banda la kuku, wala choo.

Na kama ganda ni zima bila kovu lolote, lakini halitupwi, tazama ejekta. Yawezekana imechakaa, imevunjika, au springi yake imechoka.

7. Utunzaji

Hakikisha kwanza kwamba chumba na magazini ni tupu. Toa komeo. Futa kulabu na ejekta kwa kitambaa, na uchokonoe uchafu kwa kijiti, si kwa msumari. Pitisha kitambaa katika chumba mpaka kitoke kisafi. Kisha paka mafuta ya mashine, kidogo tu.

Usitumie mafuta ya mawese. Ni chakula chema, lakini juu ya chuma huganda, huchacha, na hushika mchanga. Ejekta ya springi ikipakwa mawese haitafanya kazi muda mrefu.

Kartushi nyingi za kijeshi za zamani zina fataki inayoacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi huvuta unyevu, ikaleta kutu kwa siku chache. Baada ya kuzitumia, osha mtutu na chumba kwa maji ya moto, kausha vizuri, ndipo upake mafuta. Mafuta peke yake hayaondoi chumvi.

Tena usichanganye kartushi kwa kuwa zinafanana. Ya 7.65 si ya 7.62, wala si ya 7.92. Soma maandishi ya mtutu, na kama hayasomeki, muulize fundi.

Ukivuta kifyatulio na kartushi isilie, usifungue komeo upesi. Elekeza mtutu mahali pasipo na mtu, hesabu hata 30, ndipo ufungue. Baruti huweza kuchelewa kuwaka.

Ganda tupu likikwama, na umeona kwa macho kwamba risasi haimo tena, fundi aweza kulisukuma kwa fimbo ya kusafishia toka mdomo wa mtutu. Kartushi nzima iliyokwama isisukumwe hivyo kamwe.

8. Ganda uliloliokota

Sasa turudi kwa maganda ya njiani na machimboni. Tazama kwanza: je, risasi bado ipo mdomoni? Kama ipo, hilo si ganda, ni kartushi. Hata kama fataki ina shimo la pini, baruti yaweza kuwa ndani. Usiiguse, usiigonge kwa jiwe, usiitupe motoni. Weka alama mahali pale, waondoe watoto, na umwarifu chifu wa kijiji au askari. Fanya hivyo hivyo kwa kombora au chuma usichokijua.

Ganda tupu la bunduki ya komeo aghalabu ni la shaba. Maganda ya Kalashnikov, ambayo siku hizi ni mengi, mara nyingi ni ya chuma kilichopakwa rangi, na sumaku huyanasa. Tena Kalashnikov hujifungua yenyewe kwa nguvu ya moshi, na hutupa ganda mbali kwa kishindo.

Tofauti hiyo ni kubwa penye upelelezi. Ganda la Kalashnikov huanguka mara ile ile risasi inapotoka. Ganda la bunduki ya komeo huanguka pale tu mkono unapovuta komeo. Mtu aweza kupiga hapa, akakimbia na ganda ndani ya chumba, akalitupa mbali. Kwa hiyo kukosekana kwa ganda si ushahidi kwamba hakuna aliyepiga. Na ganda lililoonekana halionyeshi mahali hasa aliposimama mpigaji, kwa kuwa huruka, hugonga mti, na huviringika.

Hata hivyo lina faida. Pini, kulabu na ejekta huacha alama zake katika shaba, na vyuma viwili havichakai sawasawa. Kwa darubini, mtaalamu hulinganisha ganda lililookotwa na ganda lililopigwa kwa bunduki inayoshukiwa. Nayo maandishi ya kitakoni aghalabu huonyesha kiwanda na mwaka wa kutengenezwa.

Kwa hiyo, kama mtu ameuawa au mnyama anayelindwa amepigwa, usiokote maganda, usiyafute udongo, wala usimwachie mtoto ayafanye filimbi au mtu ayauze kwa mnunuzi wa shaba. Funika kila moja kwa kibuyu au bakuli, ngoja wakubwa waje. Wengi wamepotewa na haki yao kwa sababu ushahidi uliondoka mfukoni mwa mpita njia.

Mambo ya kukumbuka

Kulabu huvuta, ejekta hutupa.
Vuta komeo mpaka mwisho, au ganda litarudi chumbani.
Ganda lililobonyea si kitu. Ganda lililopasuka au kung'oka ukingo ni onyo.
Mafuta ya mashine kwa bunduki, mafuta ya mawese kwa chungu.
Kartushi mbali na zizi na choo.
Kilicho na risasi mdomoni kisiguswe, na ganda la mahali pa mauaji lisiokotwe.

Msomee habari hizi jirani asiyejua kusoma, hasa yule anayekesha shambani wakati wa mpunga kuiva.